Jumapili Mama Alipokataa Kutembea

Mvua za kwanza za masika zikinyesha kwetu Gatitu, mikaratusi hutoa harufu kali kama dawa ya kifua, na miguu yangu huanza kuuma kabla sijatoka nyumbani. Miaka michache baada ya Uhuru, msimu kama huo, baba yangu alirudi kutoka Uingereza alikokuwa amesomea ualimu. Alirudi na kikohozi na hadithi ya matembezi. Kule, alitueleza, baridi ikiisha watu hukusanyika wakatembea mashambani siku nzima, wakipita malisho yenye wanakondoo na vijiji vya nyumba za mawe, madirisha yamejaa maua. "Wanaenda wapi?" mama aliuliza. "Hawaendi mahali. Wanafurahia tu." Mama alimtazama, kisha akaendelea kuchambua maharagwe.

Jumapili moja, baada ya ibada, baba alikusanya walimu wenzake, jirani yetu Mama Karanja na sisi watoto, tukaanza kupanda kilima. Mama alikuja kwa sababu mke wa mwalimu hangeweza kubaki nyuma. Wiki nzima alikuwa amepanda kutoka mtoni na maji mgongoni, kamba ikimkata paji la uso, na Jumamosi alikuwa amelima mpaka giza likaingia. Udongo mwekundu ulitugandama miguuni. Baba alitangulia akituonyesha maua ya porini na kuyaita kwa majina ya Kiingereza, ambayo nadhani yalikuwa ya maua mengine kabisa. Mlima Kenya ulikuwa umejifunika mawingu, hata hapakuwa na cha kutazama.

Tukafika kwenye kijiji cha walowezi: nyumba chache za mawe, mawaridi ukutani, kanisa dogo lenye ukungu wa kijani. Wengi wao walikuwa wameshauza na kuondoka. Baba alisimama, sauti ikamlainika. "Ni kama kule kabisa." Mbele ya nyumba moja palikuwa na benchi ambalo, miaka michache nyuma, Mwafrika hangethubutu kuligusa. Mama akaketi.

"Mama Nyambura, bado hatujafika," baba alimwambia.

"Mimi nimefika."

"Ati umefika wapi? Watu wanatungoja."

"Waende. Wakati wa Hali ya Hatari, wewe ukiwa shuleni, mimi nilitembea na kundi kila asubuhi, askari nyuma yetu, tukienda kuchimba handaki. Hayo matembezi yalinitosha."

Mama Karanja, ambaye walichimba naye, akaja akaketi kando yake. Mlango ukafunguliwa, bibi mzee wa Kizungu akachungulia. "Nyinyi nataka nini?"

"Tunapumzika," mama alijibu bila kuinuka.

Yule bibi akayatazama mawaridi yake. "Haya. Usivunje maua." Akafunga mlango.

Baba akaendelea na wengine. Mimi nilibaki. Kichwa cha mama kilianza kuinama, kikaangukia begani kwa Mama Karanja, akalala mdomo wazi. Sikuwa nimewahi kumwona amelala. Nyumbani alilala baada yetu na kuamka kabla yetu. Niliogopa, nikapeleka kiganja puani mwake nione kama anapumua. "Mwache," Mama Karanja alininong'oneza. "Huyo amechoka tangu zamani."

Baba aliporudi hakumwamsha. Aliketi kwenye nyasi zilizolowa akangoja mpaka mama alipofumbua macho mwenyewe. Jumapili iliyofuata alikwenda mtoni kuteka maji, debe begani, wanaume wakimcheka njiani, na mama akalala mchana. Ikawa hivyo kila Jumapili. Lakini baba hakuitisha matembezi tena, wala hakututajia vile vijiji, na nadhani furaha fulani ilimtoka ambayo sikuiona ikirudi.

Siku hizi pale palipokuwa na mawaridi pana ghorofa za kupangisha. Vijana wa mjini hupita makundi makundi wakifanya mazoezi, na binti yangu hunihimiza niungane nao. Nina umri mkubwa kuliko aliokuwa nao mama siku ile. Maji yako kwenye mfereji jikoni, na hakuna askari aliyewahi kunifuata nyuma. Hata hivyo jioni huwa nimechoka, na siwezi kueleza kwa nini. Jumapili mchana najilaza, navuta blanketi, nafumba macho. Nageuka upande huu, nageuka upande ule, mpaka jua linazama.