Masale ya Ng'ambo

Mama alivingʼoa vigingi vyote vya mafundi akavitumia kuchemshia ndizi. Kamba yao hakuichoma. Aliikunja vizuri akaitundika kwenye banda la ng'ombe, maana kamba haikuwa na kosa.

Mafundi hao walitumwa na mdogo wangu anayeishi Dar es Salaam. Walikuja kupima msingi wa nyumba mpya kwenye kihamba chetu cha Uru, shamba la ukoo tulimozaliwa, na msingi wenyewe ulipita katikati ya masale, pale walipolala babu na bibi waliomzaa baba. Kwa asiyetoka mlimani, isale ni mmea wa majani marefu tunaoupanda mipakani na makaburini, na safu yake hairukwi hovyo. Ukiwa umemkosea mtu, unamletea jani lake lililofungwa fundo, naye akishalipokea hawezi tena kukufukuza.

Tangu siku hiyo Mama hakupokea simu ya mwanawe. Mdogo wangu akawa ananipigia mimi, akilalamika mpaka sikio linapata moto. Nami, niseme kweli, nilikuwa upande wake. Nyumba ya zamani inavuja, Mama ni mzee, na yeye ndiye kitinda mimba. Kwa desturi yetu boma la baba ni lake. Nikamwahidi kwamba nikirudi safari nitakaa na Mama nimlainishe.

Safari yenyewe ilikuwa ya kahawa. Wakulima wa Gwatemala walikialika kikundi chetu tukaone wanavyotunza mibuni yao, nasi tukachaguliwa wawili: mimi, na mzee mmoja wa Kilutheri kutoka upande wa Marangu, mpole sana, aliyebeba koti zito nchi nzima kwa kuwa mkewe alimwambia ng'ambo ni baridi. Siku ya mapumziko wenyeji wetu wakatuteremsha kwenye msitu wa tambarare, kuona mji uliojengwa na Wamaya na kuachwa kabla Mzungu yeyote hajavuka bahari kwenda kule.

Mimi si mtu wa magofu. Nikisikia mambo ya kale naona mawe, jua, na mtu anayeongea bila kukoma. Ningefurahi zaidi kulala. Lakini mgeni hajipangii ratiba, kwa hiyo nilivaa viatu vyangu vya shambani nikafuata.

Msitu ule ulinichanganya. Majani yalikuwa kama ya kwetu kule juu unakoishia mgomba, mapana, yanayodondosha maji hata mvua ikiwa imekatika, lakini joto lilikuwa la Mabogini, kule chini tambarare, wakati wa kuvuna mpunga. Juu ya miti kulikuwa na nyani wananguruma kwa sauti isiyolingana na miili yao. Mzee wa Marangu alilikumbatia koti lake, akasema mbega wa kwetu wana adabu zaidi.

Aliyetuongoza alikuwa mwanaume wa makamo, Mmaya mwenyewe. Alikuwa akiongea Kihispania, na binti wa wenyeji wetu akitutafsiria kwa Kiingereza. Mwanzoni mwa njia, kabla hatujaona jiwe hata moja, yule mwongozaji alisimama, akavua kofia, akasema maneno machache kuelekea msituni. Binti hakutafsiri. Alisema hiyo ilikuwa lugha ya kwao mwongozaji, na yeye haijui. Nikamwomba amuulize alikuwa anasema nini.

Jibu lilipokuja, nililigeuza kichwani kwa Kiswahili bila kuhangaika: alikuwa anabisha hodi.

Nikauliza kama imewahi kutokea wenye mji wakamkatalia.

"Bado hawajanikatalia," alisema. "Lakini mimi huuliza kila siku."

Nilidhani ni mambo ya kupendezesha wageni, kama yale tunayowafanyia sisi wale wanaokuja kupanda mlima. Tukaendelea.

Mji wenyewe siwezi kuuelezea sawasawa. Kulikuwa na ngazi za mawe zinazopanda mpaka juu ya miti, na goti langu likagoma mapema. Kulikuwa na mfereji uliochongwa kwa mawe, wa kukusanya maji ya mvua, na pale mzee wa Marangu alichuchumaa akaushika kwa mkono muda mrefu, akakumbuka mifereji ya babu zetu inayoteremsha maji kutoka mlimani. Lakini sehemu kubwa ya mji haikuonekana kabisa. Ilikuwa vilima tu, na miti imeota juu yake.

Chini ya kilima kimojawapo ndipo tulipokwama. Wenzetu walikatiza kwenye upenyo wa ua la mimea, wakatutangulia. Mimi nikasimama. Nilipogeuka, mzee wa Marangu naye alikuwa amesimama, koti begani. Mbele yetu kulikuwa na safu ya masale.

Hatukushauriana. Hakuna Mchagga anayekatiza kwenye masale ya watu asiowajua. Wenyeji wakarudi mbio wakidhani tumeona nyoka, wakatukuta watu wazima wawili tumeduwaa mbele ya ua la maua. Nikawaambia hatupiti, hapo kuna mtu amelala. Binti alitafsiri huku akijizuia kucheka.

Mwongozaji naye alitabasamu. Alisema hayo ni mapambo tu, watu huyaweka hotelini na maofisini, na asili yake amesikia ni Afrika. Nilipoyatazama vizuri niliona kila jani lina mstari wa njano katikati, ambao masale yetu hayana. Nikaona haya. Tumevuka bahari kuja kuogopa ua la hotelini.

Lakini mzee wa Marangu ni mpole, si mwepesi kuachia. Akauliza kwa nini basi wayapande hapo, mbali na hoteli yoyote. Mwongozaji akaacha kutabasamu. Walinzi ndio waliyapanda, alisema, kwa sababu wageni walikuwa wanapanda kilima kile kupiga picha, na hakijawahi kuchimbwa. Haijulikani ni nani yumo ndani. Upenyo ule ulitokana na watu wasiojali.

Tulizunguka kwa nyuma, sote, pamoja na mwongozaji. Njiani niliviona vile vigingi vya mafundi kama vile viko mbele yangu, nikakasirika, na safari hii hasira haikuwa kwa Mama.

Niliporudi Uru nilimkuta Mama anamenya ndizi za mtori. Baada ya shikamoo nilimsimulia yote, hata masale ya hotelini. Hakucheka. Aliuliza jambo moja tu: huyo aliyebisha hodi alikuwa mgeni pale, au ni kwao? Nikamwambia ni kwao. Akamenya ndizi nyingine mbili, tatu.

"Mimi nyumba sijaikataa," alisema. "Nimekataa wakwe zangu wapimwe kwa kamba bila kuambiwa."

Jioni ile nilimpigia mdogo wangu. Akanikumbusha kwamba boma ni lake. Nikamjibu kwamba hata yule Mmaya alikuwa kwao, na kila siku anavua kofia.

Nyumba sasa imefika kwenye linta, juu ya madirisha, upande wa chini wa kihamba, kwenye mibuni iliyozeeka. Mama ndiye aliyemwonyesha mahali. Lakini hiyo ilikuwa baada ya Krismasi, mlima mzima uliporudi nyumbani na mdogo wangu akafika mchana, amechoshwa na foleni ya Himo. Alishuka kwenye gari amekumbatia isale zima, na mizizi yake, ndani ya kopo la plastiki. Alilinunua kando ya barabara Dar es Salaam, ingawa alikuwa amepita masale ya kila jirani kuanzia barabarani mpaka kwetu. Lilikuwa na mstari wa njano katikati ya kila jani.

Mama alilitazama, akanitazama mimi. Nikatikisa kichwa kukubali: ndilo lile. Akachuma jani moja, akalifunga fundo, akamrudishia mwanawe mkononi. Yeye akaelewa, akapiga magoti, akampa upya. Mama akalipokea kwa mikono miwili.

Kisha akamshika mkono akampeleka mpaka kwenye masale ya zamani, akamwambia abishe. Kichagga cha mdogo wangu kimebaki cha kuombea chakula. Alisimama pale na suruali yake ya safari, akasema, "Hodi," kwa sauti ndogo, kama alivyokuwa akisema utotoni akichelewa kurudi.

Mama ndiye aliyewajibia wakwe zake. "Karibu," alisema. "Karibu, baba."