Mshono wa Mama Turubai

Miaka thelathini Mama Turubai ameshona mahema na vifuniko vya malori, na mtaani walimtania kwamba mshono wake hudumu kuliko ndoa nyingi. Basi kampuni ilipotangaza kuufyeka msitu wa chemchemi ili ipate pa kuegesha malori, yeye hakubeba bango. Alibeba sindano.

Asubuhi ile wanawake saba waliuzunguka mti mkubwa kuliko yote, migongo kwenye gome. Akawashona gauni kwa gauni, kwa uzi wa turubai uliotiwa nta, kisha akajishonea humo humo. Wakili wao alikuwa mahakamani anaomba zuio. Kazi yao ilikuwa moja: kushikilia mpaka karatasi ifike.

"Na tukibanwa na haja?" akauliza muuza maua.

Hilo hakuna aliyelifikiria.

"Tutajikaza," akasema Mama Turubai.

Tingatinga likaja likinguruma, likazimika ghafla. Dereva alikuwa kitinda mimba wake.

"Mama! Si uliniaga unakwenda kliniki?"

"Foleni ilikuwa ndefu."

Msimamizi wa kampuni, aliyekuja nyuma yake na askari wawili, akafoka nguo zikatwe. Askari mmoja akajikuna kisogo. "Bosi, hawa ni mama za watu. Nikikata, wabaki na nini?"

"Basi fumueni!"

Wakajaribu, kucha zikawakatika. Msimamizi akamgeukia dereva. "Wewe ni mwanawe, mishono yake unaijua. Fumua, au kazi huna."

Aliijua kweli. Alikulia chini ya cherehani. Akiwa darasa la tatu alifumua suruali nzima kabla chai haijachemka. Mama alilikumbuka hilo, moyo ukamlipuka. Akamkumbuka na mkwewe, mwenye mimba ya miezi minane, akashindwa hata kumwombea mwanawe akatae.

Kijana akapiga magoti, akachomoa sindano kwenye kilemba cha mama yake. Tundu la kwanza. Akautoa uzi, akaunyoosha, akaupangusa, akauzungusha kidoleni. Tundu la pili. Vile vile alivyofundishwa siku ya kwanza kabisa, alipokuwa bado hajui hata kufunga vifungo vyake.

"Huwezi kuharakisha?"

"Nikivuta, kitambaa kitachanika, bosi," akajibu bila kuinua kichwa. "Sasa mama yangu akibaki uchi hapa, wewe utatazama wapi?"

Msimamizi akatazama viatu vyake. Mama Turubai akatazama juu, kwenye majani, machozi yasije yakamdondokea mwanawe kichwani.

Karatasi ilifika saa nane mchana. Miezi mitatu, hakuna kugusa mti. Vigelegele vikapasuka, wakataka kucheza, wakasahau kwamba wameshonwa, wakavutana huku na huku na kuangukiana.

Dereva alikuwa bado yuko kwenye gauni la pili.

"Baba," Mama Turubai akamnong'oneza, "hebu maliza sasa. Mwenzio nimebanwa."

Magauni yote yaliyobaki aliyafumua kabla wale kina mama hawajamaliza kucheka.