Sindano na Kumbukumbu za Pampu Namba Mbili

Mke wa mwanangu nilimpa jina la Sindano siku ya kwanza alipoletwa nyumbani. Mwembamba, hana maneno, na akikugusa unajua umeguswa. Jina likamganda. Hata kazini wanamwita hivyohivyo. Kazi yake ni kompyuta: leo yuko kiwanda cha saruji, kesho hospitali, anaweka programu, anaondoka. Sikumpenda. Siku hizi nakula kwake na bado sijasema nampenda, kwa hiyo haya ninayoyasema msiyahesabu kuwa sifa.

Mimi nimefagia kiwanda cha kusafisha maji miaka kumi na tisa. Shule niliishia darasa la pili, lakini vyumba vya pale navijua kuliko wanaovaa kofia ngumu, maana wao wanapita juu, mimi napita chini ya meza. Kuna chumba cha mitambo, skrini sita na viti vitatu, kimoja hakina mgongo. Kwenye skrini unaona pampu ipi inakwenda na tangi limejaa kiasi gani. Ukutani kuna kabati la chuma lina kufuli, na ndani yake kompyuta kubwa inayonguruma kutwa nzima. Hiyo kazi yake ni kukumbuka. Kila sekunde inaandika: pampu hii imewaka, valvu ile imefungwa, king'ora kimelia, fulani kakizima. Iliandika miaka yote hiyo na hakuna aliyewahi kuyasoma, kwa sababu ofisi haikuwa na programu ya kuyasomea. Ukitaka kujua ya sasa, utaona. Ya jana, waulize watu, na watu mnawajua.

Mwanangu alikuwa mwangalizi wa zamu kwenye chumba hicho. Kazi ile nilimwombea mimi. Jumapili moja mchana tangi likakauka, pampu namba mbili ikazunguka bila maji mpaka ikaungua, na mtaa mzima ukakaa na ndoo tupu siku nne. Alipoulizwa, mwanangu akasema king'ora cha kuonya maji yakipungua hakikulia. Kama hakikulia, kosa si lake, ni la fundi umeme anayevitunza ving'ora, mzee tunayemwita Babu Fyuzi, ambaye alibakiza miezi saba astaafu. Wakamsimamisha kesho yake.

Babu Fyuzi alisema neno moja tu: "Kilikuwa kizima. Nilikijaribu Ijumaa kwa mkono wangu."

Likawa neno lake na la mwanangu. Mmoja kati yao angetoka getini asirudi. Mimi nikamwamini niliyemzaa. Nikamfuata mke wa Babu Fyuzi kwenye foleni ya maji, watu wote wanasikia, nikamwambia mumewe mikono inamtetemeka, amweke nyumbani amfundishe kupepeta mchele.

Ofisi nayo ikachoka kubishana, ikanunua ile programu ya kusoma kumbukumbu. Kampuni iliyoiuza ikamtuma Sindano. Aliwaambia wazi kwamba mmoja wa wanaobishana ni mume wake, wakamjibu hawana mwingine anayeijua kazi hiyo.

Jioni kabla ya siku yenyewe nilimkuta jikoni anamenya vitunguu.

"Mkwe, kesho unakwenda kule."

"Ndiyo, mama."

"Mwenzako yuko midomoni mwa watu. Utaangalia."

"Nitaiweka programu isome, mama. Itakachosoma ndicho watakachokiona."

"Kwani kilichoandikwa hakifutiki?"

"Kinafutika, ukiwa na ufunguo."

"Basi uwe nao huo ufunguo. Mume si nguo ya kuazima."

Aliendelea na kisu chake. Mwanangu alikuwa sebuleni, televisheni imewaka, sauti kaipunguza mpaka mwisho.

Asubuhi Sindano alikaa kwenye meza ya karani, maana kompyuta ya karani ndiyo iliyochaguliwa iwekwe programu. Msimamizi wa kiwanda alisimama nyuma yake, mikono mgongoni. Babu Fyuzi aliitwa ashuhudie, akakaa pembeni na mkoba wake wa bisibisi mapajani, kama mtu aliyekuja kliniki. Mwanangu alisimama mlangoni. Mimi nilikuwa na ndoo yangu. Chumba kile siku hiyo nilikipiga deki mara tatu.

Programu iliingia bila matata. Ugomvi ulianza pale ilipotakiwa ikaonane na kompyuta ya kabatini. Sindano akaipa anwani, ikagoma. Akakagua waya, ikagoma. Akaenda chumba cha mitambo, akarudi, akaangalia ukutani, akaangalia kona ya skrini.

"Karani, hii saa yako iko mbele dakika kumi na moja."

Karani akakohoa. "Iko hivyo siku zote."

"Kwa nini?"

Mimi nilijua kwa nini. Ile ndiyo saa waliyokuwa wakiitazama jioni kusema muda umefika. Miaka mitano ofisi nzima ilitoka getini dakika kumi na moja kabla ya wenzao, na msimamizi akiwa wa pili mlangoni.

"Yule wa kabatini hampokei mgeni ambaye saa yake hailingani na yake," Sindano akasema. "Anamwona tapeli." Akairudisha. Karani alikuwa na uso wa mtu aliyenyang'anywa shamba.

Baada ya hapo ikafika mahali pa kuingiza jina na paswedi. Msimamizi akacheka. "Hiyo ipo. Imebandikwa chini ya kibodi kule chumbani. Tunaitumia wote."

Ni kweli. Kikaratasi kile nimekifutia vumbi miaka sita.

"Hiyo inasoma, inaandika na inafuta," Sindano akasema. "Mimi nipe ya kusoma tu."

"Hatuna ya kusoma tu."

"Tutengeneze. Wewe ndiye utakayebonyeza, mimi nitakuelekeza kwa mdomo. Na hiyo ya chini ya kibodi uibadilishe, nikiwa nimegeuka."

"Bibie, hapa tuko nyumbani. Wewe si mgeni."

"Ndiyo maana."

Wakaenda. Nikawafuata na fagio. Sindano alisimama kwa kweli katazama ukuta, kawapa mgongo, na msimamizi akabonyeza kwa kidole kimoja kama anayemtafuta chawa. Nilijua anachokifanya. Ufunguo niliomwambia awe nao alikuwa anautupa mbele ya macho yangu. Nikasema moyoni, huyu hajaolewa na mwanangu, kaolewa na kabati.

Waliporudi, programu ikakubali. Sindano akaandika tarehe ya Jumapili ile, akachagua pampu namba mbili, akachagua king'ora chake. Halafu akanyanyuka, akamwachia msimamizi kiti.

"Soma mwenyewe, kwa sauti."

Msimamizi akavaa miwani. "Saa tisa na dakika mbili, king'ora kimelia. Saa tisa na dakika mbili, kimezimwa." Akashuka mstari. "Saa tisa na dakika saba, kimelia. Kimezimwa." Alisoma hivyo mara tano. Mara ya tano ilikuwa saa tisa na dakika ishirini na sita, na chini yake mstari wa pampu ukaanguka mpaka sifuri. Na pembeni mwa kila kuzimwa lilikuwepo jina la mwanangu, aliloliandika akianza zamu.

Hakuna aliyemwangalia. Alisema mwenyewe kutoka mlangoni: "Kinalia ovyo kile. Zamu zote wanakizima. Fungueni siku nyingine muone."

Wakafungua, na ilikuwa kweli. Kila zamu, kila wiki, kimelia, kimezimwa, hakuna aliyenyanyuka kwenda kutazama tangi.

"Wewe hukusema kinalia ovyo," msimamizi akasema. "Ulisema hakikulia. Mwenzako kakaa nyumbani wiki tatu kwa hilo."

Babu Fyuzi akafungua mkoba, akahesabu bisibisi zake, akaufunga. "Naweza kwenda karakana sasa?" akauliza. Wakamwambia aende. Alipita karibu na ndoo yangu akasema, "Shikamoo huipati leo." Ananizidi miaka mitatu, shikamoo ni mimi wa kumpa, kwa hiyo alikuwa ananitukana. Sikumwomba radhi, na sitamwomba. Ningemwambia nini, kwamba nilidanganywa na mtoto wangu? Hilo analijua.

Mwanangu alipewa barua ya kufukuzwa siku ile. Zamu nyingine zilipewa onyo.

Nyumbani nilisubiri mpaka Sindano avue viatu.

"Ulikuwa unajua?"

"Aliniambia Jumapili ileile, mama. Alilia."

"Ukanyamaza wiki tatu."

"Nilimpa wiki tatu aseme mwenyewe."

"Na jana usiniambie, mimi nimeshamtukana mke wa mzee wa watu mbele ya foleni nzima."

"Ungesema nisiende." Alikuwa anasugua kidole cha mguu. "Ile paswedi ya chini ya kibodi, mama, ningekaa nayo peke yangu dakika mbili, ningefuta. Sikuwa na uhakika na nafsi yangu. Ndiyo maana nikaomba ile ndogo ya kusoma tu."

Kesho yake akaamka, akaenda hospitali kuweka nyingine.

Huu ni mwezi wa tano tangu siku ile. Mwanangu yuko nyumbani, anafua, anapiga pasi, anasema mkewe kamfukuzisha kazi. Nilimwambia mara moja kwamba alijifukuzisha kwa kidole chake mwenyewe, mara tano, na tangu hapo simsemeshi. Sahani namwekea. Wao wawili wanalala chumba kimoja, wanachosemezana huko hakinihusu.

Kiwandani karani anatoka muda wa watu wote. Chini ya kibodi hakuna karatasi, vumbi tu. Juzi king'ora cha pampu namba mbili kililia nikiwa nimeinama chini ya meza, na yule kijana wa zamu akaruka kiti kwenda kutazama tangi, akanikanyaga mkono. Nilimtukana vya kutosha. Lakini tangi alilitazama.