Picha ya Ng'ombe Kwenye Sanduku la Vipimo

Sogea karibu, mwalimu kijana, nikueleze tulivyowapima watoto walioshindwa masomo, enzi hizo wapimaji tukiwa wachache na gari la ofisi likiwaka kwa kusukumwa.

Siku yangu ya kwanza kazini, pale Karatu, Mkaguzi wa Shule alinikabidhi sanduku la mbao. Ndani mlikuwa na vibao vya rangi, vifungo na picha. "Binti," akasema, "wewe ukipotea, tutaomba mwingine mkoani. Sanduku likipotea, usirudi."

Nilianzia kijiji cha Qurus, kwa watoto wa wakulima. Kazi yenyewe ilikuwa kutafuta mtoto anakwama wapi hasa: katika kuona, kusikia, kukumbuka au kupanga. Mtoto mwenye akili nzuri anaweza kukwama mahali pamoja tu. Huo ndio ugumu wa kujifunza, nao si ujinga.

Kisha nikapelekwa Olbalbal, kwa wafugaji wa Kimaasai, kumpima msichana wa darasa la tatu, Naserian, ambaye mwalimu wake alishamkatia tamaa. Mkaguzi alifuatana nami, kwa kuwa kipimo changu ndicho kingeamua kama abaki shuleni au arudishwe nyumbani.

Nikamwekea picha ya kundi la ng'ombe. "Hesabu."

Akatazama chini. Nikarudia. Akazidi kuinama.

"Naandika hawezi, tuondoke," Mkaguzi akasema.

Mama yake, aliyekaa kando ya mlango wa darasa, akacheka. Kiswahili chake kilikuwa cha mnadani, lakini kilitosha. "Mwalimu, kwenu mnawanyooshea ng'ombe kidole, moja, mbili? Kwetu ng'ombe wakihesabiwa hivyo, hufa. Mnataka waishe?"

"Sasa mama, akipotea mmoja mnajuaje?" Mkaguzi akauliza.

"Namwona hayupo. Wewe mzee, watoto wako unawajua kwa hesabu?"

Mkaguzi akakohoa. Nikamwaga vifungo mezani. Naserian akavihesabu vyote bila kukosea. Nikapanga picha za ng'ombe mmoja mmoja, nikaficha moja.

"Hayupo mwenye paji jeupe," akasema papo hapo.

"Basi, hana tatizo. Funga sanduku," Mkaguzi akasema.

Nikamwomba asubiri, maana mwalimu wa darasa hakuwa amesema uongo aliponiambia hafuati maagizo. Nikamwambia Naserian, "Chukua kifungo chekundu, kitie kwenye kopo, halafu funga mlango." Akachukua kifungo, akasimama nacho, machozi yakimlengalenga. Masikio yalikuwa mazima. Nilipomnong'oneza jina lake kwa nyuma, aligeuka. Yaliyomponyoka ni maneno yanayofuatana. Uwezo huo tuliuita kumbukumbu ya kusikia: kushika ulichoambiwa mpaka ukitende. Nikafanya mwenyewe huku akitazama. Akarudia yote, mpaka mlango.

"Sasa niandike nini?" Mkaguzi akauliza.

"Andika abaki. Akae mbele, aambiwe jambo moja moja, na aonyeshwe."

Akaandika. Picha ya kundi niliitoa sandukuni siku hiyohiyo.

Naserian alisoma polepole, lakini alimaliza shule. Mimi nimestaafu, na vipimo vya sasa ni bora kuliko vyangu. Hata hivyo, kesho mtoto akishindwa kufuata agizo lako, usilirudie kwa sauti kubwa zaidi. Lifanye mbele yake, hatua moja, kisha mpe zamu.