Kompyuta Iliyosema Tisa Inaishinda Kumi

Mwanangu, hujazaliwa bado, na baba yako simjui wala sitaki kumjua mpaka nimalize kidato cha sita. Lakini moyo wangu hadi sasa unaruka, na sina mwingine wa kumpa nasaha bila kuchekwa. Basi nakuandikia wewe.

Siku yenyewe naikumbuka vizuri kwa sababu ilikuwa juzi Alhamisi. Shule ilikuwa inachagua msichana mmoja tu wa kurusha tufe, aende Unguja kwenye mashindano. Mwaka jana uchaguzi ule uliishia kwa ugomvi, kwa hiyo Mwalimu Khatib wa michezo akataka programu ya kompyuta ishike matokeo. Mwalimu Grace, anayetufundisha Python, lugha ya kuandikia programu, akanipa mimi kazi hiyo. Mimi ambaye hata jina langu likiitwa darasani naitikia kwa kunong'ona.

Programu ni fupi. Inauliza jina, inauliza mita, kisha inalinganisha na mtupo bora uliotangulia. Mwanzoni niliiambia mtupo bora ni sifuri. Ikakataa kwenda, ikasema haiwezi kulinganisha maandishi na namba. Nikaona ubishi tu. Nikaizungushia ile sifuri alama za kunukuu, ikanyamaza, nikafurahi. Nikaijaribu kwa sita, saba na nane, ikajibu sawasawa. Kumi sikuijaribu, maana hakuna msichana wa shule yetu aliyewahi kuifikia.

Zuhura akaifikia. Huyu ni rafiki yangu anayetoka kijiji cha Wesha, tunakaa dawati moja. Tufe lake lilianguka mbali hata aliyeshika futi ya kupimia akarudia kupima: mita kumi na robo. Uwanja ukajaa vigelegele. Nikaiingiza namba. Maryam, mpinzani wake, alikuwa ametangulia kwa mita tisa na nusu.

Aliporusha wa mwisho, Mwalimu Khatib akauliza mashine inasemaje. Nikatazama kioo. Maryam.

Watu wakaguna. Maryam mwenyewe alibaki ananitazama. Zuhura hakubisha, alikuja akaokota viatu vyake karibu na meza yangu, akaniambia polepole, "Basi shoga, labda nilikanyaga mstari."

Hakukanyaga kitu, mwanangu. Alikuwa anajitafutia kosa ili mashine yangu iwe na haki. Na Mwalimu Khatib alishatoa kalamu. Sijawahi kumkatiza mwalimu maisha yangu yote, lakini nilisimama mpaka kiti kikaanguka.

"Mwalimu, usiandike. Hii haijui kuhesabu."

"Si umeitengeneza wewe?" mmoja akadakia nyuma, wakacheka.

Mwalimu Grace hakucheka. Aliinama kando yangu, akaniambia niiulize kati ya tisa na kumi ipi kubwa, vilevile ninavyoiingizia mitupo. Ikajibu tisa. Hapo nikaona, na ilikuwa kama dirisha limefunguliwa. Ilikuwa inasoma kama mtu anayepanga kamusi, tarakimu ya kwanza kwanza: moja iko kabla ya tisa, basi kumi nzima na robo yake ikatupwa nyuma. Kila tunachoiandikia inakipokea kama maandishi, hata kama machoni petu ni namba, mpaka tuiambie ikigeuze.

"Na ilikwambia mapema," akasema Mwalimu Grace. "Ukaiziba mdomo."

Nikaandika float, amri ya kugeuza maandishi kuwa namba, pale inapouliza mita, nikaiondolea sifuri zile alama zilizoifanya nayo maandishi, nikaingiza mitupo yote upya. Zuhura! Nililisoma jina lake kwa sauti ambayo sikujua kwamba ninayo. Maryam akamsukuma mbele, akamwambia asipoleta medali boti imwache hukohuko.

Basi sikiliza, mwanangu. Kitu kikikukatalia, kaa usikie kinalalamikia nini kabla hujatafuta njia ya kukinyamazisha. Ukitengeneza chochote cha kupima watu, usikijaribu kwa wale uliokwisha kuwazoea tu. Mfikirie na yule atakayepita pale ambapo hakuna aliyefika. Na ukimwona mwenzio anajilaumu bure, sema, hata kama utachekwa.

Mwenyezi Mungu akupe ulimi mwepesi kuliko wa mama yako, akuzungushie marafiki wenye mikono ya kurusha mbali, na asikufanye wewe kuwa sababu ya mtu kujiona amerusha karibu ilhali amerusha mbali. Amin.