Lebo ya Bosi Yanyamazisha Vipindi 412

Saa mbili asubuhi, Chumbageni. Sabiri Shekhe ameweka kofia kando ya kompyuta ya redio ndogo ya mtaa. Anafungua kipindi kwenye tovuti mpya. Maneno yapo, sauti hakuna. Anafungua kingine. Kimya.

"Mia nne na kumi na mbili," anasema. "Vyote bubu."

Sabiri, 51, ni mgane. Aliishia darasa la saba kule Maramba, kompyuta akajifunza kwa kuchungulia. Tovuti ya redio ameitunza miaka tisa kwa laki mbili na nusu kwa mwezi. Ilipofika siku ya kuhamia tovuti mpya, wakubwa wakamwita Ayman, kijana wa chuo, wakampa na kiti cha Sabiri. Wakubwa ndivyo walivyo, aliye karibu hawamwoni.

"Wivu nilimwonea, sikufichi," anasema Sabiri. "Hata chai akinywa yeye, mimi roho inaniuma."

Vipindi huhamishwa kwa faili moja. Humo kila sauti huwa na lebo inayosema iko wapi, ina ukubwa gani na ni ya aina gani. Ipo lebo ya kawaida, ile ya kusambazia vipindi mtandaoni, inayojulikana na kila programu. Lakini mkurugenzi alitaka jina la redio lionekane kila mahali, hata kwenye lebo, nayo ikabadilishwa jina. Tovuti mpya ikakuta lebo isiyoijua, ikairuka, na sauti ikaziacha.

Ayman anaingia. "Shikamoo mzee Sabiri. Bosi nilimwambia, wallahi."

"Marahaba. Ukamwambia, kisha ukaandika alivyotaka."

"Ningefanyaje?"

"Ungebisha kama mimi, ukanyang'anywa kiti."

Ayman anacheka kidogo, anavuta stuli.

Sauti zenyewe bado ziko tovuti ya zamani, nayo inafungwa Ijumaa. Sitini kati ya hizo ni vipindi vya mapishi vya Zuwena, mke wa Sabiri, aliyefariki mwaka juzi. Nakala nyingine hana. Aliyezika mke haelezwi zaidi.

Tangu jana Sabiri anarudisha lebo ya kawaida, akijaza ukubwa wa kila sauti kwa mkono. Zimebaki thelathini. Mkurugenzi ameshatangaza kwamba anayetengeneza ni Ayman.

"Na wamsifu," anasema Sabiri. "Alhamisi nahamisha upya. Zuwena nitamsikiliza mimi kwanza, mlango nimefunga. Wao watamsikia nikishatosheka."