Kichwa Alichosuka Shosho Felista

Mpaka leo nikisikia chanuo la mbao likikwaruza nywele kavu, shingo yangu hukakamaa yenyewe. Halafu harufu ya kafuri hunijia, nami niko tena mtaani Jericho, nimebanwa katikati ya magoti ya Shosho Felista, machozi yananilengalenga.

Ngoja kwanza niwaambie kuhusu nyumba yetu. Tuliishi familia kadhaa za Kikristo katika nyumba moja ya kanjo, yaani ya baraza la jiji, ndogo hata kwa familia moja. Wazazi wetu walikuwa wamejitolea: sufuria moja, sala ya pamoja alfajiri, na jioni kuwatembelea majirani wasio na mtu wa kuwajulia hali. Sisi watoto nani alituuliza? Tulijikuta tu tunagombania blanketi na wana wa Mjomba Mutiso, dereva wa lori kutoka Machakos, ambaye ndiye aliyepanga nani amtembelee nani.

Shosho Felista, bibi mkongwe aliyeishi nyuma yetu, aliwashinda wote. Alikuwa amemzika binti yake wa pekee, na tangu hapo mlango wake ulifunguka kwa nadra sana. Wakimpelekea unga, anaurudisha. Wakimwachia sukari mlangoni, haigusi mpaka sisimizi waimalize. "Mimi si yatima wenu!" alifoka kupitia dirishani. Mjomba Mutiso akasema basi, tumwache, kuna wengine wanaotuhitaji.

"Hatumwachi," mama akasema. "Mtu hawezi kufa peke yake huko nyuma na sisi tunaimba huku mbele." Mama alikuwa Mluhya mfupi mwenye kichwa kigumu, akishasema, amesema.

Jumamosi moja akafumua nywele zangu zote, akanivuta hadi kwenye mlango ule. "Shosho," akaita, "leo sijaleta kitu. Nimekuja kuomba. Huyu mtoto kesho anasimama kanisani kukariri zaburi, na mimi naenda kibarua Industrial Area. Tafadhali nisaidie na hiki kichwa."

Jamani, mama yangu! Jericho nzima hakuna aliyemshinda kusuka, na siku hiyo hakuwa na kibarua chochote. Lakini uongo hakuutaka. Aliniacha pale pale, akaenda kweli Industrial Area, akasimama kwenye lango la kiwanda mpaka akapewa ghala la kufagia.

Komeo lililia. Jicho moja likanitazama kwa muda mrefu.

"Nani alikufumua vibaya hivi?"

"Mama."

"Nilijua tu. Ingia, keti."

Vidole vyake vilikuwa vimekakamaa kwa baridi yabisi. Alinipaka mafuta yenye kafuri, akavuta, akanung'unika, akaimba kidogo. Mara moja aliniita kwa jina lisilo langu, na baadaye nilikuja kujua kwamba lilikuwa la bintiye. Sijui kwa nini, lakini niliitika.

Nyumbani nilipojiona kwenye kioo nilipiga mayowe. Mstari mmoja ulianza vizuri kwenye paji la uso, ukafika katikati, ukapotea kuelekea sikioni. "Oya, kichwa yako imechorwa na kuku!" wana wa Mutiso wakaangua kicheko. Mama aliporudi, vumbi la ghala limemjaa hadi kwenye kope, nikamlilia anisuke upya.

"Hapana. Utaenda hivyo hivyo," akasema. "Nikifumua hicho kichwa, na ule mlango nimeufunga."

Basi kesho yake nikafunga leso kichwani, na kwa hilo mama hakunigombeza. Nilipoitwa mbele niliinua macho, nikamwona kwenye benchi la mwisho. Shosho Felista! Amevaa koti kuukuu, amenyoosha shingo, anakitafuta kichwa alichokisuka. Nikaivua ile leso. Watoto walicheka, na zaburi ilinipotea katikati, lakini nilimwona akimgusa mama mmoja begani na kuninyooshea kidole. "Huyo nimemsuka mimi," alikuwa akimwambia.

Siku ile niliona mama amenitoa sadaka, na nilimkasirikia kwelikweli. Ilinichukua miaka kuelewa. Watu walikuwa wamempelekea Shosho kila kitu, ila hakuna aliyekuwa amemwendea kwa sababu anamhitaji. Mama ndiye wa kwanza kwenda mikono mitupu.

Shosho alinisuka mpaka vidole vikakataa kabisa, ndipo nikaanza kumsuka yeye. Siku zake za mwisho chumba kilikuwa kimejaa majirani, hata Mjomba Mutiso alikosa pa kukaa. Nilikuwa kitandani nyuma yake, nikizisuka zile mvi. Akapapasa kichwa, akafuata mstari mmoja kwa kidole hadi sikioni.

"Nani alikufunza kusuka vibaya hivi?"

"Ni wewe, Shosho."

Akacheka mpaka akakohoa, kisha akanishika mkono.

"Basi usifumue," akasema.